Tembo Kafuata Tembo

Mimi neno spesho nimelijulia kwenye chipsi. Ukisema chipsi spesho jamaa anaongeza yai, anaongeza kachumbari, akiamka vizuri anakuwekea na mshikaki mmoja juu, yaani unalipa zaidi unapata zaidi, hesabu haina kona. Hiyo ndiyo elimu niliyoingia nayo porini na ndiyo iliyoniponza.

Maana shemeji aliponionyesha kwenye simu kwamba Tarangire kuna kambi za kawaida na kuna kambi spesho, na spesho bei imechangamka, sikuuliza swali la pili. Nikamwambia shem, sisi ni watu wazima, tuna familia, twende spesho. Kumbe kambi ya kawaida ndiyo yenye choo, ndiyo yenye maji na kibanda cha kupikia. Spesho ni mti. Unalipa hela zaidi ili usigawane mti na mtu mwingine. Maji unaenda nayo, jiko unaenda nalo, takataka zako unarudi nazo, na choo unaenda nacho kwa maana ya chepe.

Mke wangu peke yake ndiye aliyeuliza. "Choo kipo?" Nikamjibu mama, hiyo ni spesho. Akasema, "Sijauliza bei, nimeuliza choo." Nikaona huyu hajatembea.

Sasa huyu shemeji ni mdogo wake mke wangu, anakaa Sakina pale Arusha, ni fundi wa vioo na aluminiamu, fundi mzuri tu, lakini kwa miezi kama sita alikuwa anaangalia video za wazungu wanaolala msituni na kisu na kibiriti. Mtu akiangalia mpira miezi sita hajiiti kocha, ila msitu sijui una nini, kila mtu akiangalia video tatu anajiona kazaliwa na fisi. Alishanunua tochi ya kichwani, kamba, kisu kirefu, na ile kofia yenye pazia nyuma ya shingo. Na alikuwa ameshatafuta mahali, pembeni ya kinamasi cha Silale, kule ndani kabisa, akasema pale ndipo pori lenyewe, huko kwingine ni bustani.

Ilikuwa Pasaka, mwezi wa nne, mvua za masika zinapiga kweli kweli. Nikamuuliza shem, hivi mtu mwenye akili anaenda kulala kwenye kinamasi masika? Akanipa hoja ambayo hadi leo siwezi kuipinga. Akasema Tarangire inajaa tembo kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, kwa sababu huko nje kote kunakauka na mto unabaki ndio wenye maji, lakini masika maji yapo kila mahali kwa hiyo tembo wengi wanatoka hifadhini wanasambaa. Hivyo usalama upo masika. Ni kweli kabisa. Ila "wengi" sio "wote", na hapo ndipo tulipopigwa.

Alhamisi nikapanda Uru na gari la shemeji kumsalimia mama na kuchukua ndizi. Akaniuliza mnaenda wapi na gari limejaa hivyo. Jamani, hebu niambieni, unamwelezaje mama wa miaka sabini na kitu, mwenye nyumba ya matofali na choo cha ndani alichojengewa na wanawe, kwamba mwanao naenda kulala chini, kwenye matope, kwa kulipia? Nikaona maelezo yatakula siku nzima. Nikamdanganya. Nikamwambia mama tunaenda kuonana na wageni fulani huko Tarangire.

Kosa. Kwa mama hakuna mtu anaenda kwa wageni mikono mitupu. Akanipa mkungu mzima wa kisukari ulioanza kuiva, halafu akaingia jikoni akatoka na dumu la lita ishirini la mbege, pombe yetu ya ndizi, aliyoipika kwa ajili ya Pasaka. Mbege yenyewe ya mama siyo mchezo, ndizi mbivu zimechemshwa zikaachwa siku zake, ulezi wa kimea umepikwa ukachanganywa, na ganda la mti wa msesewe kuleta ule uchungu wa kiutu uzima. Nikajaribu kukataa, akaniangalia. Nikabeba.

Ila alinipa na onyo. "Mfuniko ulegeze baba, bado inachacha, ina pumzi. Ukiibana itakutafuta."

Nilipofika Arusha kumchukua shemeji kitu cha kwanza alichofanya ni kuibana. Anasema gari litanuka. Akakaza mfuniko kwa mikono miwili, akaweka kitambaa juu, halafu akazungushia mpira wa tyubu, ule wa kufungia mizigo kwenye baiskeli, raundi kama nane. Nikamwambia mama kasema inapumua. Akasema, "Shem, kila kitu kinapumua, hata sisi tunapumua na tunafunga mikanda."

Na hema nalisemaje? Nililitoa mitumba ya Memorial, Moshi, kwa shilingi 18,000, muuzaji akaniapia ni la watu wanne. Kwenye mfuko wake kulikuwa na picha ya familia ya kizungu, baba mama na watoto wawili, wote wanacheka. Nilipolikunjua nikaelewa wanachocheka. Rangi yake bluu. Kumbuka hiyo bluu.

Safari ya barabarani sina la kusema, lami tupu, Kisongo, Makuyuni, Kwa Kuchinja, unakata kushoto unaingia getini. Njia nzima shemeji ananisomea kwenye simu, hifadhi tangu mwaka 1970, ukubwa kilomita za mraba 2,850. Nikamuuliza katika hizo 2,850 choo kiko kwenye ya ngapi. Akasema nina roho ya mjini.

Getini tukakaa. Kontro namba ya kulipia imetoka, mtandao umekata, mtandao umerudi, kontro namba imepotea. Askari mmoja, baba mtu mzima, lafudhi ya Tanga ile inayoimba, akatuzunguka taratibu akiangalia mizigo yetu kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Kambi gani nyie?"

"Spesho afande, kule Silale."

"Mna chepe?"

Nikajua hapo. Mtu anakuuliza chepe kabla ya jina lako. Shemeji akasema tunalo, kumbe alilijua jambo hili muda wote. Afande akaendelea, sauti ya upole kabisa, kwamba kambi ina mti mkubwa pale palipoinuka, tulale chini ya ule mti, tusishuke bondeni maana masika bonde lote ni sponji. Matunda tusilale nayo. Usiku tusitoke hovyo. Na tuangalie juu, kwa sababu chatu wa Silale wana tabia ya kupanda miti ya pembeni mwa kinamasi, wanajikunja kwenye matawi wanatulia. Halafu akamwangalia shemeji kuanzia viatu mpaka kofia. Shemeji alikuwa amevaa ovaroli yake ya kazini.

"Hiyo rangi gani?"

"Bluu, afande."

"Na hema?"

"Bluu pia."

Akacheka yule baba mpaka akashika nguzo. Akatuonyesha vitambaa vinavyoning'inia kwenye miti, bluu na nyeusi, akasema ile ni mitego ya ndorobo, maana ndorobo hana rangi anayoipenda kama hizo mbili. "Leo mitego imeongezeka," akasema, akatufungulia.

Kwa asiyemjua, ndorobo ndiye mbung'o. Ana ukubwa wa nzi aliyekula vizuri, anatoboa nguo, na gari likitembea analiona ni mnyama mkubwa anakimbia kwa hiyo analifukuza. Ukimpiga kofi anatulia, anakunja mabawa moja juu ya lingine, anakuangalia, anaendelea na kazi. Huyu hauawi kwa kofi, huyu lazima umsage. Na gari la shemeji kioo cha nyuma kushoto hakipandi. Narudia, mwenye gari ni fundi vioo. Mganga hajigangi sawa, lakini basi hata turubai? Ndani ya nusu saa gari lilikuwa na abiria wengi kuliko daladala ya Ngaramtoni saa kumi na mbili jioni, na wote wamemkalia shemeji kwenye ovaroli.

Tukakutana na gari la watalii, dereva wake katulia, watalii wametulia, nyuma kumefungwa kopo linatoa moshi. Tukamuuliza kaka, siri ni nini? Akasema kinyesi cha tembo kikavu, kinawaka taratibu kama udi, ndorobo hawapendi moshi wake. Neno "kikavu" shemeji hakulisikia. Mbele kidogo tukakuta rundo barabarani, na kushuka hairuhusiwi, basi akafungua mlango akaning'inia kichwa chini mimi nimemshika mkanda, akachota kwenye kopo la rangi, akamwagia mafuta ya taa kidogo, akawasha. Kinyesi kimelowa mvua siku tatu. Kile hakikuwaka wala hakikuzima, kilikasirika. Moshi wa manjano ukajaa gari zima, machozi yanatutoka, tumetoa vichwa nje kama mbuzi kwenye fuso, na ndorobo ndio kwanza wanaingia kwa lile dirisha la nyuma kwa foleni.

Tukafika kambini kama saa kumi na moja. Kwa kweli niseme ukweli, pale mahali pazuri. Mbele yako Silale imetanda kijani mpaka macho yanachoka, maji yanameta katikati ya nyasi, ndege weupe wamesimama kama nguo zimeanikwa, nyuma mibuyu minene imekaa kimya. Na palipoinuka kuna mgunga mkubwa, kivuli safi, ardhi kavu, mahali pa kulala pamechaguliwa na watu wenye kazi yao.

Shemeji akashuka, akaangalia juu. Akaangalia juu tena. Akasema, "Chini ya mti mimi silali."

"Kwa nini?"

"Chatu."

"Unamwona?"

"Simwoni. Ndiyo hofu yenyewe."

Tukabishana, mwisho tukashuka na hema hatua kama hamsini bondeni, mahali pa wazi, majani laini, shemeji anakanyagakanyaga anasema sikia hii, zulia. Nami nikakanyaga, ikabonyea halafu ikapanda taratibu, pwaa. Ningekuwa na akili ningekumbuka neno sponji. Akaleta na gari akaliegesha pembeni ya hema ili likiwa jambo turukie ndani. Hema lilikosa vigingi vitatu, tukachonga vya miti, vilizama kwa kidole kimoja tu, nikafurahi kabisa nikasema ardhi imekubali.

Mkungu wa ndizi tukaufunga juu ya gari kwenye keria, maana afande kasema matunda yasilale hemani na sisi ni watu wa kutii. Dumu la mbege tukaliweka mlangoni mwa hema, ndani, upande wa miguuni. Mbege si tunda.

Baada ya kula, Ijumaa Kuu yenyewe kwa hiyo ugali dagaa na tochi, tumbo likaniambia nichukue chepe. Shemeji akajitolea kuwa mlinzi, akasimama mita tano kanipa mgongo na tochi yake ya kichwani inamulika pori. Nikachimba. Udongo mweusi mzito, kila chepe inatoka na sauti ya busu. Nikafikia kina kizuri, nikageuka, nikaanza kufungua mkanda, nikasikia glu glu glu. Namulika, shimo limejaa maji mpaka juu. Nikasogea, nikachimba lingine. Nafungua mkanda, glu glu. La tatu hivyo hivyo, na humo ndani chura ameshahamia, ananiangalia kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka. Shemeji kule anauliza, "Bado?" Namwambia nachimba. "Unachimba kisima?" Halafu akanyamaza, akasema kwa sauti ndogo, "Shem, kuna macho." Nikauliza mangapi. "Mengi. Kama mji." Kumbe walikuwa swala, lakini hilo tulilijua kesho yake. Usiku ule tulirudi hemani mbio, mimi suruali mkononi, chepe nikaiacha, tumbo lenyewe likasamehe.

Mvua ikaanza kama saa tatu. Hema la 18,000 halivuji kwa matone, linavuja kwa mashauriano, maji yanakusanyika juu yanajadiliana halafu yanakuja yote pamoja. Chini nako godoro likaanza kuwa la baridi. Shemeji akaniambia wazungu huwa wanachimba mfereji kuzunguka hema. Nikamwambia chepe iko kule kwenye macho, kachukue.

Sasa sijui ni saa sita au saa saba, ndipo dumu lilipotutafuta kama mama alivyosema.

Sikusikia mlio wa kupasuka, nilisikia bunduki. Mfuniko ulitoka na mpira wote wa tyubu, ukapita hapo juu ya kichwa cha shemeji, ukatoboa hema ukaenda zake hadi leo hatujauona. Nyuma yake ikaja mbege. Lita ishirini, jamani, zimekaa siku mbili zimebanwa, ndani ya gari la joto, barabara ya kuruka, ile haikumwagika, ile ilifoka. Nusu ilitupata sisi, usoni, nyweleni, kwenye mablanketi, ulezi umenijaa masikioni. Shemeji akawa anapiga kelele, "Nimepigwa! Shem nimepigwa, natoka damu!" Nikamulika, nikamwambia onja. Akaonja. Akatulia. Akaonja tena.

Tukacheka, kwa kweli tulicheka, tumekaa humo kwenye uji wa mbege tunacheka mpaka mbavu zinauma. Shemeji akalisukuma dumu nje na nusu iliyobaki ili tupate nafasi. Ndipo tukasikia mti unavunjika.

Halafu kimya. Halafu kitu kinavuta hewa. Sijui nikuelezeeje, siyo kupumua kama ng'ombe, ni hewa inavutwa ndani ya bomba refu, inasimama, inafikiri, inatolewa. Na chini yake kuna ngurumo ndogo kama jenereta la jirani wa tatu, ambayo huisikii masikioni, unaisikia kifuani. Shemeji akaninong'oneza, "Gari hilo?" Nikamwambia gari halina tumbo.

Tulizima tochi. Huwa nawasikia watu wanasema nilikaa kimya kama maji mtungini, mimi nilikaa kimya kama mtungi wenyewe. Tukasikia anakwenda kwenye gari. Kamba ya keria ikakatika, tap. Mkungu ukashuka, na nikasikia anaula, siyo ndizi moja moja kama binadamu, anakula na mti wake, krach, krach, mchanganyiko. Tembo kwa siku anaweza kula hata kilo 150 za majani na magome, kwa hiyo mkungu wa mama ulikuwa kama karanga za kwenye baa. Kisha akaja kwenye dumu.

Jamani, nimesikia wazee wa Uru wakinywa mbege kwenye kata, nimesikia wajomba zangu, lakini sijawahi kusikia mtu anavuta mbege namna ile. Srrrrrp. Kimya. Kisha kama mtu anamwaga ndoo kooni. Srrrrrp tena. Alipomaliza akalikanyaga dumu, nadhani kuona kama limebaki kitu. Paa.

Ndipo akaanza kufuata harufu. Na harufu ilikuwa wapi? Ilikuwa kichwani kwangu.

Kitambaa cha hema kikabonyea taratibu, kikashuka mpaka kikanigusa paji la uso. Kizito, cha moto, kinapumua. Kikanigusa pua, kikanigusa shavu, kikarudi kwenye paji, kinabonyeza kidogo kidogo kama mama anayechagua parachichi sokoni Mbuyuni, hili limeiva, hili bado. Nilitaka sana niwe bado. Pembeni shemeji anasali. Shemeji yangu ni Mlutheri, ubatizo, kipaimara, kwaya, kila kitu, na usiku ule alikuwa anasali Salamu Maria. Aliipata wapi sijui. Na hakuijua yote, alifika "umejaa neema" anarudi mwanzo, umejaa neema, anarudi mwanzo, mimi Mkatoliki niliyeijua nzima sikuweza kumsaidia kwa sababu mkonga uko usoni.

Mwishowe tembo akashusha pumzi, ile pumzi ya mtu aliyekuta baa imefungwa, ikatulowanisha upya, akaondoka. Hatukusogea mpaka kunakucha. Maji ndani ya hema yalikuwa yamefika kwenye mbavu, godoro lilielea na sisi juu yake, tumelala wawili tumekumbatiana kama mapacha, na yeyote kati yetu akiulizwa atakataa.

Asubuhi tukatoka. Nyayo zimezunguka hema, kila moja kubwa kama beseni la kufulia, imejaa maji. Dumu limekuwa bapa kama chapati. Keria imejikunja. Gari lenyewe halikuguswa hata kidogo, ila lilikuwa limezama mpaka kwenye bampa, halafu limeinama upande kama linasikiliza kitu. Ule udongo mweusi kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unakunywa maji unavimba unakuwa kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni. Shemeji akawasha, akasema hili ni fowili, subiri uone. Tairi zikazunguka zote kwa kweli, zikazunguka vizuri sana, gari likashuka inchi nne zaidi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mimi nilimsifia shemeji siku nzima ya jana, akalitia maji gari.

Netiweki hakuna, kutembea hairuhusiwi. Tukapanda juu ya gari tukakaa. Shemeji na ovaroli yake ya bluu, mimi na blanketi, wote tumekaukiwa na ulezi tunaonekana tumepakwa unga, na jua lilipotoka tu ndorobo wakaja kututakia Jumamosi njema.

Saa nne likapita gari la watalii. Lile lile la kopo. Likasimama kule juu penye pakavu, paa likafunguliwa, wakatoka wazungu wanne wazima na lenzi ndefu kama bomba la dawa. Wanapiga picha. Hawapigi Silale, hawapigi ndege. Wanapiga sisi. Mmoja akatoa darubini. Nikamwona dereva anawaelezea kitu kwa kunyoosha mkono, sijui alituita jamii gani, lakini wale wazee walikuwa wanaandika.

Akatuitia msaada kwa redio, namshukuru, na baada ya saa moja na nusu likaja gari la askari lenye winchi. Anashuka nani? Baba wa Tanga. Akasimama kwenye mgunga, chini ya kivuli, pakavu, akatuangalia bondeni muda mrefu. Halafu upepo ukageuka akakunja uso.

"Nyie mmekunywa?"

"Hata tone, afande."

"Harufu yote hiyo, hamjanywa?"

"Hatujanywa."

"Sasa nani kanywa?"

Shemeji hakusema neno. Akanyoosha kidole kwenye nyayo. Afande akaziangalia zinavyotoka msituni, zinakwenda kwenye keria, zinakwenda kwenye dumu, zinakuja hemani, kisha zinaelekea kinamasini. Kwao pwani pombe ya mnazi inaitwa tembo. Nikaona mabega yameanza kumtikisika.

"Kwa hiyo," akasema, "tembo kafuata tembo."

Akakaa chini kabisa, kwenye bampa la gari lake, akacheka na yule mwenzake wa winchi hawezi kuvuta, ikabidi tuwasubiri wamalize. Wakatuvuta, wakatusindikiza mpaka getini, na kila askari tuliyempita alikuwa ameshapewa habari kwenye redio, wanapiga saluti.

Nyumbani Moshi nilifika Jumamosi usiku, shemeji nikamleta huku huku maana gari lake tuliliacha kwa fundi Makuyuni, tukapanda kosta ambayo siti zetu zilibaki na nafasi pande zote mbili. Mke wangu akafungua mlango, akatunusa, akarudi hatua mbili nyuma. Hakuuliza mengine. "Choo kilikuwepo?"

Shemeji akasema, "Kilikuwepo dada. Kila mahali."

Jumapili ya Pasaka tumetoka misani, simu ikaita, mama kutoka Uru. Salamu, watoto, mvua, halafu nikajua anakuja.

"Na wale wageni, mbege waliipokea?"

"Waliipokea mama."

"Waliipenda?"

"Mmoja aliipenda sana. Aliimaliza yote peke yake."

Mama akanyamaza, nikasikia amefurahi. "Na ndizi?"

"Na ndizi, mama. Hakubakisha hata ganda."

"Huyo kalelewa vizuri. Ni wa ukoo gani?"

Nikamwangalia shemeji, amekaa kwenye kochi miguu imevimba kwa ndorobo, anatikisa kichwa nisiseme.

"Ni wa huko huko Tarangire mama. Mtu mzima, mnene."

"Basi mwambie Krismasi aje hapa nyumbani, nitampikia pipa."